Utoto tunaoambiwa tuuache

Mtu mzima akiambiwa "acha utoto", ameshatukanwa. Neno hilo likitaja umri halina ubaya wowote, lakini likitaja tabia linageuka kosa: ana utoto, analeta utoto, hayo ni mambo ya kitoto. Shida ni kwamba ndani yake tumefungasha vitu viwili visivyofanana. Kimoja ni kushindwa kujizuia: kususa, kulia ukinyimwa, kutaka sasa hivi. Hicho kinastahili kuachwa. Cha pili ni namna mtoto anavyokutana na kitu asichokijua: anakigusa, anakiulizia, anakiangusha, anakijaribu tena kwa njia nyingine. Hicho cha pili tulikiacha bila kukusudia, kwa kuwa kilikuwa fundo moja na cha kwanza, na hasara yake ni kubwa kuliko tunavyokiri.

Kabla ya kwenda mbali, tuondoe uzushi mmoja. Watu wengi wakisema tujifunze kwa watoto wanamaanisha tujifunze furaha. Lakini mtoto wa miaka miwili analia kuliko mtu mzima yeyote unayemjua, anaogopa giza, anamwonea wivu mdogo wake, na kikombe cha rangi isiyo yake kinaweza kumharibia asubuhi nzima. Ile namba inayozungushwa mitandaoni, kwamba mtoto hucheka mara 300 kwa siku na mtu mzima mara 15 tu, haina utafiti nyuma yake. Kilichopimwa kweli ni hiki: mwaka 1999 Rod Martin na Nicholas Kuiper walichapisha matokeo ya watu wazima waliokuwa wakiandika kwenye daftari kila walipocheka, na wastani ulikuwa takriban mara 18 kwa siku. Si haba. Kicheko tunacho. Tulichopoteza ni kitu kingine, na kinaonekana vizuri zaidi mtoto anapoanguka.

Kuanguka kwa bei nafuu

Mtazame mtoto aliyeanza kusimama dede juzi. Ameshika ukingo wa kiti. Anaachia mkono mmoja, kisha wa pili. Tumbo limetangulia, miguu imepanuka, mikono iko juu usawa wa masikio. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu inachelewa, na makalio yanatua sakafuni. Hapo hafanyi lolote kwa muda mfupi sana. Anageuza shingo kutafuta uso wa mtu mzima aliye karibu. Uso ule ukishtuka, kilio kinafuata. Ukibaki ulivyokuwa, anajigeuza, anapiga magoti, anatanguliza makalio juu, anasimama na kuendelea kwenda tete kuelekea kitu kingine kabisa, maana kile alichokuwa akikifuata mwanzo ameshakisahau.

Mwaka 2012 Karen Adolph wa Chuo Kikuu cha New York na wenzake walitoa hesabu ya jambo hili. Waliwarekodi watoto wa miezi 12 hadi 19 wakicheza bila kuelekezwa. Kwa saa moja, mtoto alipiga wastani wa hatua 2,368, akatembea mita 701 na kuanguka mara 17. Zidisha kwa saa sita za kuwa macho na kuhangaika huku na huko: hatua zaidi ya 14,000 na maanguko takriban 100, kwa siku moja.

Ndani ya utafiti huo kuna jambo lenye faida zaidi kwa mtu mzima kuliko namba hizo. Mtoto aliyekwisha kuwa fundi wa kutambaa, kwa nini aache ufundi wake aanze kitu kitakachomwangusha? Ukihesabu kwa saa, mtoto anayeanza kutembea huanguka mara nyingi kuliko fundi wa kutambaa. Lakini anayeanza kutembea anasogea zaidi na anafika mbali zaidi ndani ya saa hiyohiyo. Ukigawa maanguko kwa mwendo aliokwenda, hazidi kuanguka kuliko yule anayetambaa. Kwa hiyo kuhamia ufundi mpya hakumgharimu kitu cha ziada, na anapata kuona chumba kizima akiwa wima.

Mtu mzima anafanya hesabu isiyo sahihi hapa. Anahesabu maanguko kwa siku, hahesabu maanguko kwa mwendo. Anayejifunza lugha mpya na kuongea sentensi 50 kwa siku atakosea mara 30, na atajiona hafai mbele ya mwenzake aliyekosea mara mbili tu kwa kuwa aliongea sentensi tatu.

Kinachomruhusu mtoto kuanguka mara 100 na bado aamke kesho na hamu ileile hakiitwi ujasiri. Ni mazingira. Kimo chake ni kifupi na uzito wake mdogo, hivyo sakafu haimuumizi sana. Makalio yamefunikwa nepi. Anatembea kwa vipindi vifupi vifupi, hatua chache kisha anasimama, anakaa, anaanza tena. Harudii njia ileile. Mara zulia, mara kizingiti, mara anatembea huku amebeba kitu mkononi. Na hakuna mtu anayemwandikia alama.

Mazingira hayo yanatengenezeka ukubwani, na kazi ya kwanza ni kupunguza kimo cha kuanguka. Anayetaka kujifunza kushona asianze na kitambaa cha bei kubwa. Achukue shuka kuukuu na ashone mistari 20 iliyonyooka, kisha 20 ya mviringo, kabla mkasi haujagusa kitambaa cha nguo. Anayejifunza kuchora akate karatasi zilizokwisha kutumika upande mmoja ziwe vipande vya ukubwa wa kiganja, achore kila kimoja kwa dakika mbili na kukiweka kando bila kukisahihisha. Anayeogopa kuongea mbele ya watu amweleze mtu mmoja jambo moja kwa dakika tatu, kesho watu wawili, keshokutwa wanne. Kosa linalowaangusha wengi ni kununua vifaa vya gharama siku ya kwanza na kumtangazia kila mtu. Hapo kila kosa lina bei, kila kosa lina shahidi, na mkono unaanza kuogopa kitambaa.

Kazi ya pili ni kugawa muda. Dakika 10 mara tatu kwa siku zinazaa kuliko saa moja na nusu ya Jumamosi, maana kumbukumbu hujengeka vizuri zaidi mazoezi yakiachiwa nafasi katikati. Ya tatu, badilisha kitu kimoja kila unaporudia: kasi, kifaa, mahali, mtu unayeongea naye. Kurudia kitu kilekile kwa namna ileile hukupa ustadi unaovunjika hali ikibadilika kidogo. Ya nne, kama ni lazima uhesabu kitu, hesabu majaribio. Mwisho wa wiki uwe na namba ya mara ulizojaribu, na uiache hivyo bila kuandika kando yake mara ulizofaulu. Na chagua uso utakaoutazama ukianguka. Mtoto hana uchaguzi wa nani yuko chumbani, wewe unao. Mtu anayeshtuka kila unapokosea, hata kwa upendo, si wa kuwa naye kwenye wiki ya kwanza ya kujifunza.

Maswali, na umri yanapokauka

Michelle Chouinard alichapisha mwaka 2007 uchambuzi wa mazungumzo ya watoto wadogo na watu wazima wanaowalea. Mtoto akiwa katika mazungumzo, aliuliza wastani wa maswali 76 ya kutafuta habari kwa saa. Hapo hayajahesabiwa ya kuomba ruhusa wala ya kuita tu mtu amsikilize.

Mara nyingi tunadhani mtoto anauliza "kwa nini" ili kuendeleza kelele. Brandy Frazier, Susan Gelman na Henry Wellman waliliangalia hilo mwaka 2009, na matokeo yanapaswa kumtia haya kila aliyewahi kujibu "kwa sababu nimesema". Mtoto akipewa maelezo ya kweli, aliyakubali au akauliza swali linaloendelea mbele kutoka hapo. Akipewa jibu lisiloeleza kitu, alirudia swali lake lilelile au akajitungia maelezo yake mwenyewe. Kwa maneno mengine, anajua tofauti ya jibu na kelele. Mtu mzima aliyekaa kwenye mkutano akaelezwa jambo lisiloeleweka hutikisa kichwa na kuandika kitu kwenye daftari.

Huku kuficha kutojua kunaanza lini? Mapema kuliko wengi wanavyofikiri. Mwaka 2021 Wouter Wolf na wenzake waliwaangalia watoto waliotoka kucheza pamoja kwa mara ya kwanza, wakawauliza wanampendaje mwenzao na wanadhani mwenzao anawapendaje. Wa miaka minne hawakuona tofauti: nampenda, naye ananipenda. Kuanzia miaka mitano, pengo likaanza kujitokeza. Mtoto akaanza kuamini kwamba anapendwa kidogo kuliko anavyopenda. Utafiti mwingine wa Kayla Good na Alex Shaw, wa mwaka 2022, ulionyesha kwamba kufikia miaka saba hivi mtoto ameshaunganisha mambo mawili: anayetaka kuonekana na akili hataomba msaada mbele ya wenzake.

Miaka mitano na miaka saba. Ndio umri wa kuanza masomo, ambapo maswali yangepaswa kuongezeka. Udadisi haujafa, umepata mlinzi mlangoni anayeuliza, "Watakuonaje?" Mlinzi huyo ana kazi halali. Bila yeye mtu hawezi kuishi na wenzake. Lakini takwimu zake si sahihi. Alison Wood Brooks, Francesca Gino na Maurice Schweitzer walionyesha mwaka 2015 kwamba anayeomba ushauri katika jambo gumu huonekana mwenye uwezo zaidi, hasa machoni pa yule aliyeombwa. Na mwaka 2017 Karen Huang na wenzake walipochambua mazungumzo ya watu wasiojuana, waliouliza maswali mengi walipendwa zaidi, hasa maswali yanayofuatia jibu lililotangulia. Tunaficha kutojua ili tuheshimiwe, kumbe tunajinyima heshima yenyewe.

Sasa, kuuliza kama mtoto hakumaanishi kumiminia watu maswali 76 kwa saa. Kuna ufundi wake kwa mtu mzima, na sehemu kubwa iko kwenye maneno. "Mbona" ikitoka kinywani mwa mtoto ni udadisi. Ikitoka kwa mtu mzima ni lawama. Mwulize mfanyakazi mwenzako "mbona umeanza na hii?" na atajitetea kabla hajafikiri. Hata "kwa nini" ina makali yake. Badala yake: "Ilikuwaje mpaka ukaanza na hii?" au "Nieleze ulivyofikiri hapa." Habari utakayopata ni ileile, lakini mtu hajawekwa kizimbani.

Jingine ni kuuliza mapema. Neno usilolijua likitajwa mara ya kwanza, kuliuliza ni sekunde tano. Likitajwa mara ya sita, kuliuliza ni kukiri kwamba mara tano ulikuwa unaitikia bure, na hapo ndipo watu hukaa kimya kwa miaka. Kama dirisha hilo limeshapita, lipo la pili: rudia ulichoelewa kwa maneno yako na uombe kusahihishwa. "Nimeelewa hivi, nirekebishe." Mtoto hufanya hivyohivyo anapokosa jibu, anajitungia maelezo yake na kuyatamka. Tofauti ni kwamba yeye huyatamka kwa sauti, sisi tunayaficha moyoni na kuyafanyia kazi yakiwa na makosa.

Na swali liwe swali. Watu wazima wana maswali ya kujionyesha, yale yanayoanza kwa dakika mbili za maelezo na kuishia "je, hukubaliani?" Kipimo ni rahisi: kama jibu lolote halitakubadilisha, hilo halikuwa swali.

Kitu kabla ya jina lake

Mwanasaikolojia Karl Duncker alikuwa na jaribio ambalo wanasaikolojia wanalitumia mpaka leo. Unapewa mshumaa, kiberiti na kiboksi chenye misumari midogo ya kubandikia, unaambiwa uweke mshumaa ukutani. Wengi huhangaika kuugongomea mshumaa wenyewe. Jibu ni kumwaga misumari, kukibandika kiboksi ukutani na kuusimamisha mshumaa juu yake. Kiboksi hakionekani kwa sababu kimeshapewa kazi: ni cha kubebea misumari.

Mwaka 2000 Tim German na Margaret Defeyter waliwapa watoto jaribio la mtindo huo: kumsaidia mwanasesere dubu afikie rafu ya juu kwa kutumia vitu vilivyopo, likiwemo sanduku. Kwa watoto wa miaka sita na saba, sanduku likiwa limejazwa vitu, walichelewa kugundua kwamba linaweza kupinduliwa likawa kipandio. Wa miaka mitano hawakuchelewa. Kwao sanduku lenye vitu na sanduku tupu ni sanduku lilelile. Christopher Lucas, Alison Gopnik na wenzao nao walionyesha mwaka 2014 kwamba watoto wa miaka minne hivi waliwapita wanafunzi wa chuo kikuu katika kugundua mashine inayowaka kwa mchanganyiko wa vitu viwili badala ya kimoja. Wanafunzi wale walikuwa na ushahidi uleule. Walishikilia tu kanuni waliyoizoea, kwamba kitu kimoja huwa kinatosha.

Hapa kuna njia ya kurudi, na imejaribiwa. Tony McCaffrey alichapisha mwaka 2012 mbinu ya kuvua vitu majina. Unachukua kitu unaorodhesha sehemu zake, na kwa kila sehemu unajiuliza maswali mawili: je, inaweza kugawanywa zaidi? Na je, jina nililoipa linataja kazi yake? Kama jina linataja kazi, unalibadilisha kwa maelezo ya umbo na kilichotumika kuitengenezea. Mshumaa unakuwa nta na utambi. "Utambi" ni jina la kazi, maana linakwambia ni kitu cha kuwashwa. Kwa hiyo liandike upya: uzi. Uzi unagawanyika: nyuzi ndefu nyembamba zilizosokotwa. Ghafla una kamba ya kufungia, na ulikuwa umeishika mkononi muda wote. Waliofundishwa mbinu hii walitatua mafumbo asilimia 67 zaidi ya wasiofundishwa. Inafaa hata kwa visivyoshikika. "Mkutano wa wiki" ni jina la kazi. Ukiuvua unabaki na watu wanane, saa moja, chumba kimoja. Ukishaona hivyo unaweza kujiuliza watu wanane kwa saa moja wangeweza kufanya nini kingine.

Tahadhari moja kwa walimu, wazazi na mabosi. Elizabeth Bonawitz na wenzake, mwaka 2011, waliwapa watoto wa chekechea kitu cha kuchezea cha mabomba chenye mambo manne yaliyofichika: mlio, taa, muziki na kioo. Mtu mzima akijifanya amekigundua kile kinacholia kwa bahati, watoto waliendelea kupekua na kuyafikia mengine. Akisema kwa sauti ya kufundisha "hivi ndivyo kinavyofanya kazi", watoto walirudia mlio na kuacha kutafuta. Mafunzo yanaharakisha unachokijua na kufunga usichokijua. Ukimfundisha mtu mpya kazini, mwonyeshe kitu kimoja kisha mwachie nusu saa peke yake na kile kifaa kabla hujamwonyesha cha pili.

Mchezo usiolipwa

Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett waliwachukua watoto wa miaka mitatu hadi mitano waliokuwa wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe endapo litachora. La pili lilipewa cheti hichohicho kwa kushtukizwa baada ya kuchora. La tatu halikupewa kitu. Wiki moja au mbili baadaye kalamu zikawekwa tena mezani bila ahadi yoyote. Wale walioahidiwa walitumia takriban nusu ya muda wa wenzao. Waliopewa bila kutarajia hawakupungukiwa hamu. Cheti hakikuharibu kitu. Kilichoharibu ni biashara iliyotangulia kuchora.

Ndiyo maana tunaona ni kosa kubwa mtu kuigeuza kila anayoipenda kuwa mradi wa kipato. Bakiza moja. Kitu ambacho hukiuzi, hukipigi picha ya kuwaonyesha watu, na hukiwekei lengo la mwezi.

Kuna pia jaribio dogo la Darya Zabelina na Michael Robinson, la mwaka 2010. Wanafunzi wa chuo waliandika kwa dakika 10 juu ya siku ambayo masomo yamefutwa: ungefanya nini, ungefikiri nini, ungejisikiaje? Nusu yao waliambiwa waandike wakijiona wana miaka saba. Kisha wote wakapewa kipimo cha ubunifu. Wale wa "miaka saba" walitoa majibu mapya zaidi, hasa wale wakimya wa kundi. Dakika 10 tu. Ukikwama kwenye kazi ya kubuni, ni dawa ya kujaribu kabla ya kikombe cha tatu cha kahawa. Inapofeli, mara nyingi ni kwa sababu mtu ameandika *kuhusu* utoto wake, kwa sentensi za kukumbuka: "nilikuwa napenda kukimbia." Andika kwa wakati uliopo: "Nakimbia. Nataka kupanda ule mti."

Ugomvi wa watoto tutaupitia haraka. Wanagombana, wananuniana, na baada ya muda mfupi wako pamoja tena. Tunasifu moyo wao safi, lakini sababu ni ya vitendo zaidi: mchezo umesimama, na kuuendeleza kunahitaji watu wawili. Hawaketi kuamua nani alikosa. Mtu mzima aliyegombana na ndugu hutaka hukumu kwanza, ndipo mchezo uendelee, na hukumu inaweza kuchukua miaka. Si kila kosa ni la kupita hivyo. Yapo yanayodai kusemwa na kulipwa. Ila kwa madogo, kuanzia na jambo la kufanya pamoja hufika mbali kuliko kuanzia na nani alianza.

Asiyeonekana pembeni

Katika yote haya kuna mtu ambaye hatujamtaja. Mtoto anapanda ngazi kwa sababu kuna mkono nyuma yake. Anaonja kila kitu kwa sababu kuna aliyeondoa dawa za kuulia wadudu. Anacheza saa tatu mfululizo kwa sababu kuna aliyepika. Gopnik, wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ameandika kwa miaka mingi kwamba utoto mrefu wa binadamu ni kipindi kilicholindwa kwa ajili ya kuchunguza, na ukubwa ni kipindi cha kutumia kilichochunguzwa. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayoshika breki na mipango, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Mtoto hana breki hizo, ndiyo maana anaona mengi, na ndiyo maana hawezi kuachwa peke yake barabarani.

Mtu mzima anayeamua kuishi "kama mtoto" bila mlinzi anaacha kazi Ijumaa na kukosa kodi ya nyumba mwisho wa mwezi. Kwa hiyo lazima awe wote wawili: anayecheza na anayelinda. Mlinzi huweka mipaka kabla mchezo haujaanza: muda wa kuanza na kumaliza, kiasi cha fedha ambacho kikipotea chote hakuna atakayelala njaa, na mambo yasiyoguswa kabisa. Ndani ya uzio huo, mlinzi anyamaze. Wengi hukosea kwa kumwacha mlinzi aingie uwanjani na kuanza kuuliza faida dakika ya tano.

Uzio mdogo kuliko wote ni matembezi ya dakika 15. Gopnik hufananisha macho ya mtu mzima na tochi inayomulika kitu kimoja, na ya mtoto na taa ya chemni inayoangaza pande zote. Daniel Plebanek na Vladimir Sloutsky walipima tofauti hiyo mwaka 2017: watu waliambiwa waangalie maumbo ya rangi moja na wasijali ya rangi nyingine. Watu wazima waliwapita watoto wa miaka minne na mitano katika kuona mabadiliko kwenye maumbo waliyoelekezwa. Lakini maumbo yasiyowahusu yalipobadilika, watoto waligundua asilimia 77 na watu wazima asilimia 63. Ndiyo maana safari ya dakika tano na mtoto huchukua 20. Anasimama kwa siafu, kwa mfuniko wa chupa, kwa kivuli chake. Wewe unaona njia. Yeye hajui bado kwamba hii ni njia.

Virginia Sturm na wenzake walilifanya hili kuwa zoezi, wakalichapisha mwaka 2020. Walishiriki watu wazima 52 wenye umri mkubwa na afya njema, kwa wiki 8. Kila wiki walitembea angalau mara moja kwa dakika 15, mwendo wa kawaida. Nusu yao waliongezewa agizo moja: tazama kila kitu kwa macho mapya, kwa mshangao wa mtoto, na ikiwezekana pita mahali usipopazoea. Simu haikuruhusiwa isipokuwa kwa picha chache za kujipiga mwenyewe wakati wa matembezi. Ukilijaribu, usilichanganye na mazoezi ya mwili wala na safari ya dukani. Ukiwa na mahali pa kufika, tochi inawaka yenyewe. Vipokea sauti vibaki nyumbani. Kama njia ni ileile ya kila siku, chagua kitu kimoja cha kukitafuta, mathalani kila kitu kilicho juu ya usawa wa macho, au kila kinachotoa sauti. Dakika tatu za kwanza kichwa kitakuwa bado kinapanga kazi za kesho. Ni kawaida, usigeuke kurudi.

Kundi la mshangao liliripoti furaha na huruma zaidi katika matembezi yao, na dhiki ya kila siku ikapungua kadiri wiki zilivyokwenda. Watafiti walizipima pia zile picha. Wiki baada ya wiki tabasamu lilikuwa likipanuka, na mwili wa mpigapicha ulikuwa ukichukua sehemu ndogo zaidi ya picha yake mwenyewe. Miti, ukuta, anga na barabara nyuma yake vilikuwa vinaongezeka, bila yeyote kuwa ameambiwa asogeze simu mbali.